Mzigo wa Msafiri

Kama umepata kuondoka nyumbani kwa safari ya siku nyingi, msomaji, hapana shaka umepata kuona ajabu hii: siku moja kabla ya kuondoka, nyumba ambayo mwaka mzima ilionekana kuwa na vitu vichache hugeuka ghafla ikawa ghala. Kila kitu hudai kuchukuliwa. Sufuria ambayo haijaguswa tangu Pasaka huonekana kuwa ya lazima. Sweta lenye tundu kiwikoni huwa sweta bora. Na mwavuli uliovunjika mbavu mbili hupata wakili wa kuutetea. Mimi nimeyaona haya kwa macho yangu. Nataka kukueleza jinsi watu watano wa nyumba moja ya Bahati walivyojiweka tayari kuvuka bahari, na jinsi walivyoushusha mzigo wao kutoka kilo 94 hadi kilo 41. Nitakueleza pia habari ya kitu kimoja ambacho mizani yetu haikuweza kukipima.

Bahati iko upande wa kaskazini-mashariki wa Nakuru, katika nchi inayopanda kuelekea msituni. Ni nchi ya mahindi, viazi, ng'ombe wa maziwa na baridi ya asubuhi. Nakuru kwenyewe ni kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, nasi tumepanda juu zaidi. Maji makubwa tunayoyajua ni Ziwa Nakuru, ziwa la magadi ambalo watu huliendea kutazama heroe, wala si kusafiri. Kwa hiyo mtu wa Bahati akisema kwamba anakwenda kupanda meli, majirani humtazama mara mbili.

Sababu ya safari yetu ilikuwa aibu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Kila mwaka huwaambia wanafunzi wangu kwamba mwaka 1928 palikuwa na mkutano Mombasa, na katika mkutano huo Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Siku moja msichana wa kidato cha pili aliinua mkono akauliza, kwa adabu kabisa, kama mwalimu amepata kufika Unguja. Darasa lilinyamaza, na mwalimu alinyamaza kuliko darasa. Tangu siku ile nikaanza kuweka akiba. Ilinichukua miaka mitatu, na likizo ya Agosti ya mwaka 2024 ikatukuta tuko tayari: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka kumi na mmoja, mwana wetu wa miaka saba, na mama yangu mzazi, ambaye alikuwa amepita miaka sitini na alikuwa hajapata kuona bahari.

Njia yetu ilikuwa ndefu. Tungetoka Bahati kwa matatu hadi Nakuru, na Nakuru hadi Nairobi. Kutoka Nairobi tungepanda gari moshi la reli ya kisasa, lile lililoanza kuchukua abiria mwaka 2017. Kutoka Mombasa tungepanda basi hadi Dar es Salaam kwa njia ya Lunga Lunga, Horohoro na Tanga. Na Dar es Salaam ndipo tungepanda meli. Hesabu, msomaji, mara ngapi mzigo ungepandishwa na kushushwa. Mimi nilihesabu mara kumi na mbili, nikasahau ngazi.

Jambo la kwanza lilikuwa kuchagua vyombo vya kutilia vitu. Mama alitaka tuchukue sanduku langu la bati. Wewe unayesoma shule ya bweni walijua sanduku hilo: lina kufuli, lina jina la mwenyewe limeandikwa kwa rangi nyeupe, na likiangushwa bwenini usiku huamsha watu wote. Nililinunua nilipokuwa nakwenda chuo cha ualimu, nalo limenitumikia vyema. Lakini nililipima likiwa tupu, nikaona kilo nane. Kilo nane za hewa! Begi langu la magurudumu, ambalo nilikuwa nimelinunua kwa fahari nyingi, lilikuwa kilo tano likiwa tupu. Mfuko mkubwa wa nailoni wenye miraba, ule ambao kina mama hufungia nguo za kuuza sokoni, haukufika hata nusu kilo, lakini mshipi wake hukata kiganja. Shanta za watoto za shuleni zilikuwa kama kilo moja kila moja. Nakushauri ufanye kama nilivyofanya: pima chombo kabla hujatia kitu ndani yake. Watu wengi huulaumu mzigo wao, kumbe wa kulaumiwa ni sanduku.

Mizani niliiazima kwa jirani anayeuza viazi. Ilikuwa mizani ya kulabu, ya kuning'iniza, nami niliitundika kwenye tawi la mparachichi ulio nyuma ya nyumba. Jioni ile tukaleta kila mtu na chake. Mke wangu, kilo 19. Watoto wawili pamoja, kilo 14. Mimi, kilo 28. Mama, kilo 33. Jumla yake ni hiyo 94 niliyokutajia.

Nilianza kwa mama, kwa kuwa hesabu yake ndiyo iliyonitisha. Alikuwa ametia mablanketi mawili, sufuria mbili, unga wa mahindi kilo nne, maharagwe kilo mbili, chumvi, sabuni mche mzima, viberiti kumi, tochi, kisu, na kamba ya katani ndefu ya kutosha kufungia ng'ombe wawili.

"Mama," nikamwambia, "Unguja wanapika. Hata unga wanao."

"Najua."

"Na huko ni joto. Blanketi la nini?"

"Huwezi kujua."

"Na kamba?"

"Huwezi kujua, mwanangu."

Hapo nikafanya kosa ambalo walimu hulifanya aghalabu: nikaanza kufundisha. Nikamweleza kwamba chombo kielea husukuma maji yenye uzito ulio sawa na uzito wake, na kwamba kila kilo inayoongezwa hukizamisha kidogo zaidi. Nikamweleza habari za Samuel Plimsoll, Mwingereza aliyepigania alama ichorwe ubavuni mwa meli, mviringo uliokatwa na mstari, ili mtu yeyote aliye bandarini aone kama meli imeshehenezwa kupita kiasi. Sheria ya kuilazimisha alama hiyo ilipitishwa Uingereza mwaka 1876. Nikamweleza habari zilizo karibu nasi na zilizo chungu zaidi. MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Ilikuwa meli ya abiria 430, na waliokufa peke yao walikadiriwa kuwa zaidi ya 800. MV Nyerere, kivuko cha watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na watu 228 wakafa. Na katika bahari ile ile tuliyokuwa twaiendea, MV Spice Islander ilizama tarehe 10 Septemba 2011 ikienda Pemba, nayo ilikuwa imejaza watu na mizigo kuliko ilivyostahili.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na hao walizamishwa na blanketi langu?"

Mke wangu aligeuka upande akacheka. Nami nilistahili kuchekwa. Ni kweli kwamba meli hailemewi na mtu mmoja. Lakini ni kweli vilevile kwamba kila mmoja wa wale waliojazana alikuwa na haja yake ya kusafiri siku ile, na hakuna aliyejiona kuwa yeye ndiye aliyezidi. Jambo hilo lilinikaa moyoni, ila sikulitumia tena kama fimbo. Tena lazima niseme kwa haki kwamba meli tuliyoipanda baadaye ilikuwa na nafasi, kila mtu alikaa kitini pake, na mabaharia walituonyesha vizibao vya kuokolea maisha kabla ya kung'oa nanga.

"Sasa tupime cha Mwalimu," mke wangu akasema.

Kuna methali isemayo: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wakati ule niliisadiki. Walipolifungua begi langu walikuta suti, jozi tatu za viatu, pasi ya kunyoshea nguo, madaftari ya wanafunzi niliyokusudia kuyasahihisha ufukoni, na vitabu saba, kikiwamo Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Vitabu na madaftari vilikuwa kilo 11. Mama aliichukua kamusi, akaipima kwa mkono wake kama mtu apimaye kabeji sokoni.

"Mwanangu, huko Unguja si ndiko maneno yanakotoka?"

"Ndiko, mama."

"Basi wayarudisha?"

Kamusi ikabaki Bahati. Viatu jozi mbili zikabaki, pasi ikabaki, madaftari yakabaki. Nami nakiri kwamba moyo wangu ulikuwa mwepesi zaidi kwa ajili ya madaftari kuliko kwa ajili ya kitu kingine. Nilibakiza vitabu viwili, na kati ya hivyo nilisoma kimoja, kurasa arobaini.

Baada ya mimi kupunguziwa, kazi ikawa rahisi, maana mtu hukubali kuvuliwa akimwona anayevua naye amevuliwa. Tuliweka kanuni: nguo za siku nne, kwa sababu nguo hufuliwa na jua la pwani halichelewi kukausha; viatu vya kuvaa, na kandambili; sweta moja kwa kila mtu, livaliwe mwilini wakati wa kuondoka Bahati alfajiri, lisikae ndani ya begi. Niliwasimulia watoto habari za wapagazi wa misafara ya karne ya kumi na tisa, waliokwenda kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Mzigo wa mpagazi mmoja aghalabu ulikuwa ratili 60 hadi 70, yaani kilo 27 hadi 32, na juu yake alichukua mkeka wake na chakula chake. Mwanangu akauliza kama walikuwa na magurudumu. Nikamjibu kwamba hawakuwa nayo. Nikaona anaitazama shanta yake kwa macho mengine, akatoa ndani yake gari la bati na mawe matano.

Mama alikubali kuacha sufuria, unga, maharagwe, blanketi moja, na kamba. Aliacha kwa utulivu kuliko nilivyotazamia. Lakini palikuwa na furushi moja dogo, lililofungwa kwa leso na kukazwa fundo tatu, ambalo hakutaka lifunguliwe. Tulilipima likiwa limefungwa. Lilikuwa kilo moja. Nikasema kilo moja si kitu, likapita.

Hapa, msomaji, sina budi kurudi nyuma, maana usipojua habari hii utamdhani mama yangu kuwa mtu wa kupenda vitu tu.

Sisi hatukuzaliwa Bahati. Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa mbali na hapa, upande wa Eldoret. Uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 ulipokwisha na matokeo yakatangazwa, nchi yetu iliwaka moto. Wewe huenda ulikuwa hujazaliwa, lakini umesoma kwamba zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makao yao, mpaka maridhiano yakatiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita. Usiku tulioambiwa tuondoke, mama, ambaye alikuwa mjane, alikuwa na dakika chache tu za kuchagua. Alichukua blanketi, chumvi, na sufuria ya githeri iliyokuwa bado ya moto. Sanduku lililokuwa na vyeti vyetu vya kuzaliwa, cheti changu cha shule ya msingi, hati ya shamba na picha ya pekee ya baba, alilisahau mvunguni. Nyumba iliteketea usiku ule ule.

Tulishushwa Nakuru, katika uwanja wa maonyesho ya kilimo, ambao ulikuwa umegeuka kambi. Siku ya pili watu wa kujitolea walitupa mfuko wa plastiki wenye unga, sabuni na mishumaa. Tulikaa pale majuma mengi. Baadaye mjomba wangu wa Bahati alitukatia kipande cha ardhi, tukaanza upya. Lakini vyeti vilinitesa. Kwa muda wa miaka miwili nilikwenda ofisi hii na ofisi ile, nikijaza fomu za kuthibitisha kwamba nilizaliwa na kwamba nilisoma. Mama hakusema neno kuhusu jambo hilo, wala mimi sikumlaumu. Tangu wakati huo, hata akienda kulala usiku mmoja kwa dada yake, hufunga mzigo wa mwezi mzima. Nimeyajua hayo miaka mingi. Na bado jioni ile chini ya mparachichi nilimfundisha habari za Samuel Plimsoll. Hivyo ndivyo elimu inavyoweza kumpofusha mtu.

Sitakuchosha kwa habari za njiani. Gari moshi lilitufikisha Mombasa kwa muda wa saa sita hivi. Katika stesheni ya Nairobi, kabla ya kupanda, abiria wote huamriwa kupanga mizigo yao chini kwa mstari na kusimama kando, ili mbwa wa ukaguzi wapite wakiinusa. Ni vizuri mtu autazame mzigo wake namna hiyo, ukiwa chini, mbali naye, kati ya mizigo ya wengine. Niliona masanduku makubwa ambayo ng'ombe angelala ndani, nikaona haya kwa ajili ya fahari niliyoisikia.

Jambo lenyewe lilitokea mpakani. Afisa wa forodha wa upande wa Tanzania alikuwa kijana mpole. Alitufungulia mabegi moja moja, akafika kwenye furushi la mama.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Salama," mama akajibu kwa furaha.

Nilimnong'oneza kwamba jibu ni marahaba. Akajibu marahaba, naye afisa akacheka kidogo, akamwomba afungue. Mama alinitazama. Kisha akafungua fundo la kwanza, la pili, la tatu. Ndani ya leso palikuwa na mfuko wa plastiki mkuukuu, uliochujuka rangi, na ndani ya mfuko palikuwa na vyeti vyote vya ukoo wetu: vyeti vya kuzaliwa vya wajukuu, cheti cha ndoa yangu, cheti changu cha chuo cha ualimu ambacho nilidhani kimo kabatini, hati ya kile kipande cha ardhi cha Bahati. Vyote halisi. Aliviondoa nyumbani, akavisafirisha kwenda kuvuka bahari, ili lolote litakalotokea Bahati lisivikute.

Afisa alivipitia kwa heshima, akavirudisha. Lakini aliushika ule mfuko, akasema kwa upole kwamba mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na kwamba hana ruhusa kuupitisha. Mimi mwalimu nilitahayari, maana hata kwetu Kenya imepigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017. Nilikuwa nimekagua kila kitu ila hicho.

Mama hakuutoa mara moja. Akasema, "Huu ni wa Nakuru. Wa uwanjani."

Hapo nikautambua. Ulikuwa ule ule tuliopewa kambini, wenye unga na sabuni na mishumaa. Alikuwa ameutunza miaka kumi na sita. Ungeweza kuuweka juu ya mizani ya jirani yangu na mshale usitikisike.

Afisa hakuelewa maneno yale, lakini nadhani alielewa uso. Hakuharakisha, japokuwa watu walikuwa wengi nyuma yetu. Mama aliuzungushia mkono, akaukunja mara nne, akampa kwa mikono miwili, kama mtu atoaye kitu cha thamani. Naye akaupokea kwa mikono miwili. Lilikuwapo sanduku la kutupia vitu kama hivyo karibu na mguu wake. Hakuutupa wakati sisi tulipokuwa tukimwona. Mama akavifunga vyeti katika leso peke yake, fundo tatu kama kwanza, tukarudi garini. Kutoka Horohoro hadi Tanga hakusema neno, na mimi, kwa mara ya kwanza katika safari ile, nilipata akili ya kunyamaza.

Siku ya pili yake tulipanda meli Dar es Salaam, katika bandari iliyo mbele ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Safari ya kwenda Unguja kwa meli za mwendo wa kasi huchukua muda wa saa mbili hivi. Agosti ni wakati wa kusi, upepo utokao kusini, nao ulitutikisa barabara. Mwanangu alitapika, mke wangu akafumba macho, nami nikakazia macho upeo wa bahari kama nilivyoshauriwa. Mama peke yake alikaa karibu na dirisha, furushi mapajani, akitazama maji ambayo hayakuwa na ng'ambo. Aliuliza mara moja tu kama yana chumvi yote. Nikamwambia ndiyo, yote. Akasema, "Mtu angebeba chumvi ya nini!"

Mji Mkongwe ulitokea mbele yetu, kuta nyeupe na mapaa ya bati yaliyoshika kutu, na kati yake Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Niliwahi kulieleza darasani mara nyingi. Nililitazama, nikawa sina la kusema.

Tulipotoka bandarini niliwakataa mahamali, kwa maana mzigo wetu ulikuwa mdogo, nami nilijivunia udogo wake. Nililivuta begi langu la magurudumu, nikatangulia kuingia vichochoroni. Msomaji, ukienda Mji Mkongwe usichukue magurudumu. Njia zake zilitengenezwa kwa miguu ya watu na punda. Hapa pana jiwe lililoinuka, hapa pana mfereji, hapa pana kidato cha ghafla. Hatukupita kona tatu kabla gurudumu moja halijatoka, likabingirika mpaka chini ya baraza ya watu. La pili lilifuata baada ya hatua kumi. Mkono wa begi nao ukabaki mkononi mwangu, bila begi.

Nilisimama pale, kilo kumi na moja miguuni pangu, bila pa kushika. Mke wangu alikuwa na mizigo mabegani na mwana mkononi. Ndipo mama alipoweka chini kikapu chake, akaingiza mkono chini ya sweta ambalo hakuwa amelivua tangu Bahati, joto na yote, akaanza kufungua kitu kilichozungushwa kiunoni. Ilikuwa kamba ya katani.

Nilidhani nimeiacha chini ya mparachichi. Sikuwa nimepima kiuno chake.

Hakusema "huwezi kujua." Alimpa binti yangu lile furushi la vyeti, ambalo hakuwa amemwachia mtu yeyote tangu tulipotoka nyumbani, hata usiku, akamwambia, "Shika." Kisha akalifunga begi kwa kamba, juu na chini, akaacha kitanzi kirefu, kama wanawake wa kwetu wafungavyo kuni wanapotoka msituni, akageuka alipachike mgongoni na kitanzi kipajini.

"La, mama," nikasema.

"Basi wewe."

Nikainama. Akanivisha kitanzi juu ya paji la uso, akanisukuma shingo mbele, akanionyesha jinsi ya kuegemea ili uzito usivute nyuma. Nikainuka. Na hivyo ndivyo mwalimu wa Kiswahili wa Bahati alivyoingia katika mji wa Kiswahili chake baada ya kuungoja miaka mitatu: kichwa kimeinama, macho yanatazama mawe, na begi la fahari linaning'inia kutoka kipajini pake kama mzigo wa kuni.

Mzee mmoja aliyekaa barazani, ambaye gurudumu letu la kwanza lilikuwa limesimama karibu na miguu yake, aliliokota, akatunyoshea.

"Karibuni, karibuni," akasema. "Mzigo wa wapi huo?"

"Wa Bahati," mama akamjibu.

Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. "Ukiwa ni wa bahati, mwanangu," akaniambia, "nenda nao polepole usije ukakuanguka."

Nilitaka kumjibu kwa maneno mazuri, maana nilikuwa nimeyatayarisha kwa ajili ya mtu wa kwanza wa Unguja nitakayezungumza naye; lakini kamba ilikuwa imenibana, nikaweza kusema "Marahaba" tu, na hapakuwa na aliyeniamkia. Nikasikia kicheko kipya nyuma yangu. Mama alikuwa amekwisha kufika kwenye kona, kikapu begani, akimwuliza binti yangu kama njia yetu ni ya kulia au ya kushoto.